Baiskeli ya mbio ya bei kubwa: nilikokosea kwenye ya kwanza na nilivyochagua ya pili

Nilisimama pembeni ya barabara nivae koti maana mvua ilikua inanukia, nikashindwa kupandisha zipu. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto, kile kidogo na cha pete, vilikua vimekufa ganzi kabisa, naviona ila sivisikii, nikawa navigonga kwenye paja vizinduke. Hiyo ilikua wiki ya sita toka ninunue baiskeli ambayo nilijibana karibu miaka miwili kuipata, fremu ya kaboni, gia za umeme, ringi za kaboni zenye kina cha milimita 60, yani ukiiegemeza ukutani mtu anapita alafu anageuka kuitazama tena. Na zilikua zimebaki kilomita 30 kufika nyumbani, nikazimaliza nikibadilisha mkono mmoja mmoja kama mtu aliyebeba ndoo.

Naandika haya kwa yeyote aliyeweka hela pembeni na anataka baiskeli nzuri kweli ya barabarani, ya kuendesha mara tatu nne kwa wiki kwa miaka. Ile ya kwanza niliiuza ikiwa na miezi 11, nikapata kama nusu ya hela niliyoitoa, na iliniuma sana, nilikaa siku kadhaa sitaki hata kuongelea baiskeli. Ya pili ninayo mpaka leo, niliipata kwa bei pungufu ya ile karibu theluthi na imeshatembea zaidi ya kilomita 14,000. Kwaiyo sisemi usitoe hela nyingi, toa, ila ujue inaenda kwenye kitu gani.

Kosa langu la kwanza, nilichagua kwa kuangalia grupuseti, yani ile seti ya gia, breki na krenki, ile mikono inayoshika pedeli. Ndo kitu rahisi kulinganisha sababu kina ngazi zinazoeleweka, Shimano wana 105, juu yake Ultegra, juu kabisa Dura-Ace, na SRAM wana Rival, Force na Red. Mi niling'ang'ania Dura-Ace, nikajiambia vingine vyote nitavirekebisha mbele ya safari. Nilichokuja kujua nikiwa nimeshalipa ni kwamba Dura-Ace na Ultegra za gia 12 zilitoka 2021, mwaka uliofuata 105 nayo ikaja na gia 12 za umeme, na kwa mtu wa kawaida barabarani zinafanya kazi ile ile, unabonyeza, mota inasukuma cheni, imekaa. Kinachobaki zaidi ni uzito, kama nusu kilo na ushee kwa seti nzima.

Na uzito wenyewe hebu tuupigie hesabu maana hapa ndo hela nyingi zinapotelea. Baiskeli yangu ya kwanza ilikua kilo 7.3, ya sasa ni 8.1. Mimi, nguo, maji na baiskeli kwa pamoja tunafika kama kilo 82, kwaiyo gramu 800 ni karibu asilimia 1 ya mzigo wote. Kwenye kilima kinachonichukua dakika 20 tofauti ni sekunde 12 hivi. Kwa mtu anayeshindana sekunde 12 ni medali, na hata hao chama chao cha dunia, UCI, kinawazuia kutumia baiskeli ya chini ya kilo 6.8. Kwa mimi ninayeamka alfajiri kabla ya kazi, sekunde 12 hazijawahi kubadilisha chochote. Alafu kuna hili ambalo hakuna aliyeniambia: kaseti, yani lile fungu la meno la gurudumu la nyuma, ya Dura-Ace ina meno makubwa ya titani ili iwe nyepesi, titani inalika haraka kuliko chuma, na bei yake ni mara kadhaa ya ile ya 105. Kama ushanunua baiskeli yenye Dura-Ace au Ultegra ya gia 12, kaseti ikiisha weka ya 105, mara nyingi inakaa, na utaokoa hela ambayo inatosha kununua cheni na tairi.

Sasa turudi kwenye ganzi, sababu ndo lilikua kosa kubwa kuliko yote. Mi nina urefu wa sentimita 175, na muuzaji aliniangalia mara moja akasema saizi 56 inakutosha, ilikua ndo iliyobaki dukani na ilikua na punguzo. Nikazunguka nayo dakika tano pale nje, nikaona poa. Dakika tano huwezi kujua kitu, kila baiskeli ni tamu dakika tano za mwanzo. Ile namba 56 yenyewe haina maana sana maana kila kampuni inapima inavyotaka. Namba za kuangalia ni mbili, zinaitwa staki na richi. Staki ni kimo toka katikati ya krenki kupanda wima mpaka usawa wa juu wa bomba la shingo, na richi ni umbali wa mlalo toka pale pale katikati ya krenki kwenda mbele mpaka kwenye hiyo shingo. Staki inakuambia utainama kiasi gani, richi inakuambia utajinyoosha kiasi gani. Kila kampuni inaziweka kwenye jedwali la vipimo, na ukizijua zako huhitaji tena kubahatisha saizi.

Ile fremu ilikua na richi 395 na staki 565, ni fremu ya mashindano. Ya sasa ni richi 374 na staki 575. Ukiandika kwenye karatasi unaona ni sentimita 2 na sentimita 1, mtu anaweza akasema hizo si kitu. Ila ukae juu yake saa tatu. Zile sentimita mbili zilikua zinanivuta mbele, uzito wote unashuka kwenye viganja, na mshipa wa fahamu unaopita upande wa kidole kidogo unabanwa kwenye usukani masaa. Shingo nayo ikawa inakakamaa mpaka nikigeuka kuangalia gari nyuma nageuza mwili mzima, na hilo barabarani ni hatari kabisa.

Nikasema basi nifupishe stemu, kile kipande kinachounganisha usukani na shingo. Kwenye baiskeli ya kawaida ni kazi ya dakika kumi na kipande chenyewe hakina bei ya kutisha. Ila ile yangu usukani na stemu vilikua kitu kimoja cha kaboni, na mipira ya breki inapita ndani yake, inashuka kupitia kwenye beringi za shingo mpaka ndani ya fremu. Kupunguza sentimita mbili maana yake nunua usukani mzima mpya, toa mipira, rudisha mipira, toa hewa kwenye mafuta ya breki. Bei niliyotajiwa ilikua kama sehemu moja ya kumi ya baiskeli yote. Sikuweka.

Na hizo beringi zenyewe zilinionyesha jambo lingine. Mwezi wa nane usukani ukaanza kukwaruza ukiukata, nikampelekea fundi mmoja ninayemwamini. Akanyanyua gurudumu la mbele, akazungusha usukani taratibu ameweka sikio karibu, akasema, "Kaka, beringi ya juu imekula kutu, unaendeshea hii ndani kwenye mashine?" Nikamwambia ndio fundi, siku za mvua naifunga kwenye mashine ya mazoezi. Akanionyesha jasho linavyodondoka pale juu ya stemu na kuingia kwenye tundu la mipira. Beringi yenyewe ni kitu kidogo, inakaa kiganjani. Kuitoa ilibidi akate mipira ya breki, mafuta yakadondoka kwenye kitambaa, na tulimaliza jua likiwa linazama. Nililipia beringi moja, ila ufundi ulikua karibu mara nane ya bei ya hiyo beringi. Simlaumu kabisa, kazi niliiona kwa macho yangu.

Kwaiyo swali ninalomwambia kila mtu auliize kabla hajalipa ni hili: beringi za shingo zikifa inachukua muda gani kubadilisha, na stemu naweza kubadilisha bila kukata mpira wa breki? Na la pili, beringi za krenki ni za kukaza kwa nyuzi au za kugandamizwa? Za kugandamizwa, fremu isipokua imetengenezwa sawasawa, zinaanza kulia krik krik kila unapokanyaga na unaweza kuzitafuta hizo kelele mwezi mzima. Za nyuzi unafungua kwa spana, unasafisha, unapaka grisi, unarudisha, yamekwisha.

Goti nalo. Ile baiskeli ilikuja na meno 52/36 mbele na kaseti ya 11-30 nyuma, gia nyepesi kabisa ni 36 kwa 30, yani ukikanyaga mzunguko mmoja tairi linazunguka mara 1.2. Kwenye mpando wa asilimia 10, ukitaka kukanyaga walau mizunguko 60 kwa dakika, inabidi uende karibu kilomita 9 kwa saa, na kwa uzito wangu hizo ni wati 200 na zaidi, nazitoa vizuri dakika chache tu. Baada ya hapo nakanyaga kwa kusaga, mizunguko 45, 40, na mbele ya goti la kulia pakaanza kuuma, mara ya kwanza kwenye mpando tu, baadae hata kwenye ngazi za nyumbani. Niliogopa. Sasa natumia 50/34 na 11-34, gia nyepesi kabisa ni 34 kwa 34, mzunguko mmoja wa mguu ni mmoja wa tairi, na maumivu yaliisha ndani ya wiki chache nikiwa pia nimerekebisha kimo cha kiti. Ukiambiwa gia nyepesi ni za wanaoanza usisikilize, goti ni lako na duka haliuzi lingine.

Kimo cha kiti nacho usikikadirie. Simama ukutani peku, bana kitabu katikati ya mapaja mpaka juu kabisa kama kiti kingekaa, mtu akupimie toka sakafuni mpaka mgongo wa kitabu. Zidisha kwa 0.883. Mi nilipata 82, kwaiyo 72.4 ni kimo toka katikati ya krenki mpaka juu ya kiti. Sio jibu la mwisho, ni pa kuanzia, ukiona nyuma ya goti panavuta kiko juu mno, mbele ya goti panauma mara nyingi kiko chini, unasogeza milimita 3 au 5, unaendesha siku kadhaa, ndo unasogeza tena.

Kuhusu tairi nataka niseme kwa nguvu sababu hapa ndo nilipata raha kubwa kwa hela ndogo. Nilianza na tairi za milimita 25 nimejaza psi 100, nikiamini ngumu ndo inakimbia. Barabara ikiwa laini kama kioo, sawa. Barabara za kweli zina changarawe na viraka, na tairi gumu linakurusha juu badala ya kumeza, na kila unaporushwa ni nguvu imepotea na kiuno kimeumia. Nilipoweka za milimita 28 bila tyubu, zenye yale maji ya kuziba ndani, nikashusha mpaka psi 72, niliporudi nyumbani siku ya kwanza nilikagua kama baiskeli ni ile ile. Sasa nipo kwenye milimita 32 na psi 60, na muda wangu kwenye njia ninayoizoea haujaongezeka hata kidogo. Kabla hujanunua uliza fremu inameza tairi mpaka upana gani, ile ya kwanza iliishia 28. Na kama ringi ni zile zisizo na ukingo wa ndani wa kushika tairi, usizidishe bar 5, kama psi 72, na hakikisha tairi lako lipo kwenye orodha ya yanayoruhusiwa kwa ringi hiyo. Hilo usilifanyie mchezo, tairi likichomoka kwenye mteremko hakuna kulirudisha.

Zile ringi za kina cha 60 zilikua nzuri kwenye tambarare, siwezi kudanganya. Upepo ndo adui mkubwa ukishapita kilomita 30 kwa saa, nguvu unayohitaji dhidi yake inapanda kwa mchemraba wa mwendo, yani mwendo mara mwendo mara mwendo, ukitoka 30 kwenda 33 upepo peke yake unakudai theluthi ya ziada. Ila sehemu kubwa ya upepo inagonga mwili wako, sio ringi. Ukiwa umekaa vizuri kiasi cha kuweza kukunja viwiko na kubaki hivyo nusu saa, umeshapata zaidi ya ringi zitakazokupa. Mi kwenye ile baiskeli sikuweza kukaa chini hata dakika tano, mwili ulikua unakataa. Na siku za upepo wa pembeni gurudumu la mbele lilikua linavutwa kama mtu kashika usukani, kwenye mteremko mmoja nilivutwa karibu mita nzima kuelekea katikati ya barabara. Kwa kuendesha kila siku, kina cha milimita 35 mpaka 45 kinatosha kabisa.

Baada ya kuiuza nilikaa miezi miwili bila kununua, na hiyo ndo miezi iliyonisaidia zaidi. Kitu cha kwanza nilichokilipia haikua baiskeli, nilimlipa mtaalamu wa kupima mkao. Nikakaa kwenye baiskeli ya kupimia inayorekebishika, akasogeza mbele, nyuma, juu, akanipima kidevu mpaka kifundo, nikatoka na karatasi moja yenye kimo cha kiti, umbali toka kiti mpaka usukani, upana wa usukani na kadirio la staki na richi. Hiyo karatasi ina bei ndogo kuliko tairi mbili nzuri. Nikaenda nayo kila sehemu na zaidi ya nusu ya baiskeli nilizokua nazitamani zikajitoa zenyewe.

Upana wa kiti nilipima nyumbani, unaweka kipande cha boksi la kaki juu ya stuli ngumu, unakalia umeinama kidogo, unanyanyua miguu, alafu unaangalia mashimo mawili ya mifupa na kupima toka katikati ya moja mpaka katikati ya lingine. Yangu yalikua milimita 120, kiti nilichokua nacho kilikua chembamba mno kwangu.

Niliyochukua ilikua ya mwaka uliotangulia, kampuni ilikua imeshatoa rangi mpya na fremu ni ile ile, ndo nikapata punguzo. Na fremu yenyewe ni ile ya daraja la pili la kaboni. Kampuni nyingi zinatumia umbo moja kwa madaraja mawili au matatu, linalotofautiana ni aina ya nyuzi za kaboni na zinavyopangwa, daraja la juu linapungua gramu mia na kitu mpaka mia mbili hivi na bei inaruka. Mi nikachukua la pili, 105 ya umeme, stemu na usukani tofauti, beringi za krenki za nyuzi, ringi za aluminiamu, na hela iliyobaki nikaiacha kwanza. Baada ya miezi mitano, nikiwa najua nataka nini, ndo nikanunua ringi za kaboni za kina cha 40.

Kuna waliochagua ya mtumba na wakafanya vizuri sana, hela inafika mbali. Ila kaboni inaweza kupasuka ndani na nje ukaona mkwaruzo tu, kwaiyo mwombe muuzaji avue usukani uone bomba la foki, ile miguu inayoshika gurudumu la mbele, chomoa nguzo ya kiti uone kama inatoka, gonga fremu taratibu kwa sarafu usikilize sehemu yenye mlio mfu. Linganisha namba ya fremu, mara nyingi iko chini ya krenki, na risiti. Na uhesabu kwamba waranti ya kampuni nyingi inaishia kwa mnunuzi wa kwanza.

Usimalize hela yote kwenye baiskeli. Za ngazi hii mara nyingi zinakuja bila pedeli kabisa, mi siku ya kwanza niliisukuma mpaka nyumbani. Weka kando kama moja ya tano kwa pedeli, viatu, helmeti, bukta yenye pedi nzuri, pampu, na ile spana ya kupimia mkazo, maana bolti zinazobana kaboni zina kikomo, nyingi ni Nm 5 au 6 na imeandikwa pale pale, ukikaza kwa hisia unaisikia tu kaboni imesema tik.

Na kipimo cha cheni, kale kachuma kadogo. Kila wiki mbili nakitumbukiza, kikifika 0.5, yani cheni imerefuka asilimia 0.5, nabadilisha cheni siku hiyo hiyo, nisipofanya hivyo cheni iliyorefuka inakula kaseti. Sasa hivi niko kwenye cheni ya nne na kaseti bado ni ile iliyokuja nayo, ingawa gia ya meno 17 ambayo ndo natumia sana imeanza kuruka kidogo nikisimama kwenye mpando, kwaiyo mwezi ujao nanunua nyingine, ya 105 tena.